Kinywe, Shaba, na Swali la Kijana wa Hirbadaw

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twaufungua ukurasa wetu wa elimu wa mwezi huu kwa barua iliyotujia kutoka Hirbadaw, katika nchi ya Mbulu na Hanang, mkoani Manyara.

Mwenye barua ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, akachaguliwa kuendelea na masomo ya fizikia, kemia na hisabati. Atueleza kuwa mwalimu wake, siku alipokuwa akifundisha habari za umeme, aliinua penseli akasema kwamba ndani ya mstari mweusi unaochorwa na penseli hiyo mna kitu kiitwacho grafini, chembamba mno, ambacho chembe za umeme hupita ndani yake kana kwamba hazina uzito, tena hupita vizuri kuliko katika shaba. Maneno hayo yalimvutia kijana wetu, akayapeleka nyumbani. Mzee wake hakuyapenda. Alisema kuwa elimu ya vitu visivyoonekana ni ya kubahatisha. Kuwa wenye elimu hiyo hudai kwamba dunia yajiendesha yenyewe. Na kuwa mtoto wa Kiislamu yamtosha dini yake na kazi ya kumpa riziki ya halali, basi afadhali aiache fizikia akasimamie duka. Nao vijana wenzake, kwa kutaka kumsaidia, wakamshauri amjibu mzee wake kwamba grafini imekwisha kutajwa katika Qur'ani.

Sasa atuuliza mambo matatu. Je, mambo haya ni ya kweli au ni ya kubahatisha? Je, yapingana na imani? Na je, yamfaa kijana wa kijijini kuyasoma?

Barua hii twaiona nzito, kwa kuwa si ya nyumba moja. Wazazi wengi wana hofu hiyo hiyo, na hofu ya mzazi juu ya dini ya mwanawe ni jambo la kuheshimiwa wala si la kuchekwa. Kwa hiyo tutajibu kwa utulivu, na twamwomba kijana amsomee mzee wake majibu haya, maana ni ya mzee kama yalivyo ya mwanawe.

KINYWE NI NINI?

Ule weusi wa penseli watu wa zamani walidhani kuwa ni risasi, na hata leo Waarabu huiita penseli kalamu ya risasi. Lakini si risasi. Ni kinywe kilichosagwa na kuchanganywa na udongo wa mfinyanzi. Kijana wetu hana haja ya kwenda nchi za mbali kukitafuta. Mkoani mwake mwenyewe, huko Merelani katika wilaya ya Simanjiro, tanzanaiti iliyogunduliwa mwaka 1967 hupatikana ndani ya miamba yenye kinywe, na wachimbaji hutoka mashimoni wamepakwa vumbi jeusi linalong'aa. Vumbi hilo ndilo ndugu wa penseli yake. Kinywe kingine kingi kiko Mahenge, mkoani Morogoro, na Ruangwa, mkoani Lindi.

Kinywe chote ni kaboni. Na kaboni ndiyo iliyomo katika makaa ya jikoni, na katika masizi ya chini ya sufuria, na katika almasi ya Mwadui. Yastaajabisha kuwa kitu kimoja kiwe masizi hapa na almasi kule. Kimoja hufutwa kwa kitambaa, na kingine hukata kioo. Tofauti yao haitokani na asili ya kitu, bali yatokana na mpango wake.

Kila atomu ya kaboni ina elektroni nne za nje, nasi twaweza kuzifananisha na mikono minne. Katika almasi mikono yote minne imewashika majirani wanne, kila upande, wala hapana mkono uliobaki huru. Ndiyo sababu almasi ni ngumu na haipitishi umeme. Katika kinywe, mikono mitatu imeshika majirani watatu walio katika tabaka moja, na elektroni ya nne imebaki huru kuzunguka. Kwa kushikana hivyo, atomu zile hufanya vijumba vyenye pembe sita sita, kama vijumba vya sega la nyuki. Tabaka hizo hulala moja juu ya nyingine kama kurasa za kitabu, na kwa kuwa hazikushikamana sana, huteleza upesi. Tunapoandika kwa penseli, tunaziacha kurasa hizo karatasini.

Tabaka moja peke yake ndiyo iitwayo grafini. Unene wake ni wa atomu moja tu: zikipangwa tabaka kama 3,000,000 ndipo hupatikana unene wa milimita moja. Hivyo ndivyo alivyokusudia mwalimu.

HABARI ZA SHABA KWANZA

Kabla ya kuieleza grafini, yafaa tujue mambo yalivyo katika metali tulizozizoea. Kijana wetu amewaona wanawake wa Kibarabaig wakivaa bangili za shaba ya manjano zilizofuliwa na wahunzi. Bangili ile hung'aa, huvutwa bila kuvunjika, na hupitisha joto na umeme upesi. Sifa hizo kwa sehemu kubwa zatokana na sababu moja: katika metali, kila atomu imeziachilia elektroni zake za nje moja au zaidi, zikawa mali ya wote.

Elektroni iligunduliwa mwaka 1897 na J. J. Thomson wa Uingereza. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1900, Mjerumani Paul Drude alisema kuwa elektroni ndani ya metali ni kama hewa iliyojaa chumbani: zarukaruka huku na huku, zagonga atomu, na ukizisukuma kwa betri zasogea upande mmoja. Nadharia hiyo ilieleza mengi kwa usahihi. Lakini ilikuwa na kasoro kubwa. Lau elektroni zingekuwa kama hewa, shaba inapotiwa moto elektroni zote zingelichukua sehemu ya joto lile, na shaba ingelihitaji joto jingi zaidi kuliko inavyohitaji kwa kweli. Vipimo vilikataa.

Mjerumani mwingine, Arnold Sommerfeld, ndiye aliyelitengeneza jambo hili katika miaka ya 1927 na 1928, kwa kutumia kanuni aliyoitoa Wolfgang Pauli mwaka 1925, isemayo kuwa elektroni mbili haziwezi kukaa katika hali moja. Kanuni hii twaweza kuifahamu kwa mfano wa msikiti siku ya Ijumaa. Msikiti umejaa, kila mtu ana mahali pake, wala wawili hawawezi kukaa mahali pamoja. Mtu aliye safu ya mbele, katikati, hata akitaka kusogea hawezi, maana kila upande pamejaa. Wanaoweza kusogea ni wale wa safu ya mwisho, walio karibu na ua ulio wazi. Ndivyo zilivyo elektroni katika shaba. Nyingi mno zimebanwa, na chache zilizo ukingoni ndizo zipokeazo joto na ndizo ziufanyao mkondo wa umeme.

Na hizo za ukingoni zina mwendo wa ajabu. Katika shaba, elektroni ya ukingoni hukimbia kilomita kama 1,600 kwa sekunde moja, lakini kila moja hukimbilia upande wake, hata jumla ya safari yao ni kama hakuna. Ukiwasha taa, kundi zima husogea upande mmoja kwa mwendo ambao katika nyaya za nyumbani hautimizi hata milimita moja kwa sekunde. Taa huwaka papo hapo kwa sababu waya umekwisha kujaa elektroni toka mwanzo hadi mwisho, na msukumo wa umeme huwafikia wote karibu mara moja, kama mfereji uliojaa maji: ukifungua huku, maji hutoka kule bila kungoja tone la mwanzo lisafiri.

Likabaki swali moja: elektroni hupitaje katikati ya msitu wa atomu pasipo kujigonga kila hatua? Aliyelijibu mwaka 1928 ni Felix Bloch, mzaliwa wa Uswisi, naye alikuwa kijana wa miaka 22. Alionyesha kwa hesabu kuwa elektroni ni kama wimbi, na wimbi lipitapo katika atomu zilizopangwa sawasawa halizuiwi nazo. Fikirini shamba la mahindi lililopandwa kwa mistari iliyonyooka: mtu hulipita toka upande huu hadi ule bila kuvunja bua. Kinachozuia si mahindi, bali ni pale mistari ilipopotoka. Katika shaba, mistari hupotoshwa na uchafu, na kasoro, na mtikisiko wa atomu uletwao na joto. Ndiyo maana waya wa moto hupitisha umeme kwa shida kuliko waya wa baridi.

KAWA MBILI NCHA KWA NCHA

Sasa turudi katika grafini. Fikirini tena msikiti wetu, lakini mara hii uwe na ghorofa. Katika metali, sakafu moja imejaa nusu tu, kwa hiyo watu wana nafasi ya kwenda. Katika almasi, sakafu ya chini imejaa ukuta kwa ukuta, na ghorofa ya juu ni tupu, lakini ngazi yake ni ndefu mno. Hapana apandaye, na umeme haupiti. Katika silikoni, ambayo ndiyo iliyomo katika simu na katika vibao vya umeme wa jua, ngazi ni fupi, na joto au mwanga huweza kuwapandisha wachache.

Grafini si hivi wala si vile. Sakafu yake ya chini imejaa na ya juu ni tupu, lakini hapana ngazi kati yao, kwa sababu sakafu hizo mbili zagusana mahali fulani, katika nukta tu. Wanafizikia wakichora nguvu ya elektroni za grafini pamoja na mwendo wake, karibu na nukta zile hupata umbo ambalo kila mama wa nyumba alijua: ni kama kawa mbili za kufunikia chakula, moja imesimama na nyingine imepinduliwa, zikagusana ncha kwa ncha.

Umbo hili lina maana kubwa. Katika vitu vingi mchoro huo huwa kama bakuli, na mviringo wa kitako cha bakuli ndio uonyeshao tungamo ya elektroni, yaani uzito wake wa asili katika mwendo. Kawa haina mviringo huo. Mbavu zake zimenyooka. Kwa hiyo elektroni ndani ya grafini huenenda kama isiyo na tungamo, na mwendo wake hauzidi wala haupungui, iwe na nguvu nyingi au kidogo. Ni kilomita kama 1,000 kwa sekunde, sehemu moja kwa 300 ya mwendo wa mwanga. Yafaa tuseme wazi kuwa elektroni yenyewe haikupoteza uzito wake. Ni mpango wa zile pembe sita ndio uifanyao iende hivyo.

Na lipo jingine. Mwaka 1929 Oskar Klein wa Sweden, akiifuata kanuni aliyoitoa Paul Dirac mwaka mmoja kabla yake, alikuta hesabu yasema jambo gumu kusadiki: kwamba chembe ya namna fulani ikikikabili kizuizi kirefu yaweza kukipita badala ya kurudi. Kwa muda mrefu jambo hilo halikuweza kujaribiwa. Mwaka 2006 wanafizikia walionyesha kwa nadharia kuwa elektroni za grafini zingefanya hivyo hasa, zikikikabili kizuizi uso kwa uso, na mwaka 2009 majaribio yakaonyesha dalili zake. Lakini sifa hiyo ni ila vilevile. Kitu kisichozuilika ni shida kukifanya swichi, na simu na kompyuta zote husimama juu ya mamilioni ya swichi ndogo. Ndiyo sababu moja ya grafini kutochukua mahali pa silikoni mpaka leo.

Hapa twapenda kuyasahihisha maneno yaliyomfikia kijana. Si kweli kuwa mstari wa penseli hupitisha umeme kuliko shaba. Penseli ina udongo ndani yake, na kurasa zake zimevurugika. Shaba huishinda mbali sana. Na hata grafini safi, ingawa elektroni zake zaenda kwa wepesi mno, ni chache zikilinganishwa na za shaba. Wepesi ni jambo moja na wingi ni jingine.

Mwenye kutaka kuhakikisha aweza kujaribu nyumbani. Na achukue betri mbili za tochi, taa ndogo ya LED iliyotolewa katika tochi mbovu, na vipande vya waya. Kati ya waya na waya atie kwanza msumari, kisha kipande kifupi cha penseli kilichochongwa ncha zote mbili, kisha kijiti kikavu. Ikiwa taa haikuwaka kwa msumari, na aigeuze. Ataona kuwa kwa msumari huwaka sana, kwa penseli huwaka kwa unyonge, na kwa kijiti haiwaki. Twasisitiza: jaribio hili ni la betri za tochi peke yake. Asithubutu mtoto yeyote kulifanya kwa umeme wa ukutani, maana huo huua.

JE, NI KUBAHATISHA?

Sasa tumjibu mzee wetu. Ni kweli kuwa hapana jicho lililoiona elektroni. Lakini kubahatisha ni kusema neno kisha kulikimbia lisipimwe. Hawa hawakufanya hivyo. Mwaka 1947 Philip Wallace wa Kanada, akitaka kuelewa kinywe, alipiga hesabu ya tabaka moja, akaandika kuwa sakafu zake mbili zingegusana katika nukta. Hapana aliyekuwa na tabaka hiyo mkononi. Ikapita miaka 57. Mwaka 2004, katika chuo kikuu cha Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov, wote wazaliwa wa Urusi, walibandika utepe wa gundi juu ya kinywe, wakaubandua, wakabandika tena na tena, hata wakapata tabaka moja. Mwaka uliofuata vipimo vilifanywa, na elektroni zikaonekana kwenda kama kawa ya Wallace ilivyosema. Mwaka 2010 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Mfano wa karibu zaidi ni huu. Vyandarua vingi vina matundu ya pembe sita. Ukilaza kipande kimoja juu ya kingine, kisha ukakizungusha kidogo, utaona michoro mikubwa ikitokea ambayo haimo katika kipande chochote peke yake. Mwaka 2011 Rafi Bistritzer na Allan MacDonald, huko Marekani, walipiga hesabu wakasema kuwa tabaka mbili za grafini zikipishana kwa pembe kama nyuzi 1.1, mwendo wa elektroni utapungua sana, na mambo mapya yatazamiwe. Mwaka 2018 kundi la Pablo Jarillo-Herrero, katika chuo cha MIT, lilizipishanisha hivyo, na katika baridi ya chini ya nyuzi 271 kasoro sufuri umeme ulipita bila kizuizi chochote. Mtu mwenye kubahatisha hapati nyuzi 1.1.

Tena mzee wetu akumbuke kuwa njia hii ya kudai ushahidi si ngeni kwetu. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeishi miaka elfu iliyopita, alipochunguza mwanga hakuridhika na maneno ya wakubwa waliomtangulia mpaka ayajaribu kwa mkono wake.

JE, YAPINGANA NA IMANI?

Mzee amesema kuwa wenye elimu hii hudai dunia yajiendesha. Wapo wasemao hivyo, hatukatai. Lakini wakisema hivyo wameshatoka katika fizikia. Wanavyuoni wetu wa Ilmu ya Kalamu walilizungumza jambo hili zamani, na Imamu Ghazali alitoa mfano wa moto na pamba: twaona kuwa moto ukiigusa pamba, pamba huungua, lakini macho yetu yameona kufuatana kwa mambo hayo mawili, hayakumwona afanyaye. Kufuatana huko wakakuita ada, yaani desturi aliyoijaalia Mwenyezi Mungu katika viumbe vyake. Basi mwanafizikia ni mwenye kuiandika ada hiyo kwa hesabu. Akisema kuwa elektroni huenda kilomita 1,000 kwa sekunde, hakusema kuwa imejipa mwendo huo. Mwislamu aisomaye fizikia kwa adabu hiyo hapungukiwi na imani yake.

Ama neno la wale vijana wenzake, kwamba grafini imetajwa katika Qur'ani, twalikataa, tena twamsihi asilitumie kumshindia mzee wake. Ni kweli kuwa Sura ya Az-Zilzala imetaja dharra, na kuwa Waarabu wa leo huita atomu dharra. Lakini wafasiri wa kale waliieleza dharra kuwa ni sisimizi mdogo, au chembe ya vumbi ionekanayo katika mwali wa jua, na makusudio yake ni kuwa hapana wema wala uovu utakaopotea hata uwe mdogo namna gani. Atomu ilipewa jina hilo baadaye. Kulifanya neno la Mola kuwa shahidi wa kila nadharia mpya si kulitukuza, bali ni kulihatarisha. Tumeona kuwa nadharia ya Drude ya mwaka 1900 ilirekebishwa kabla ya miaka 30 kutimia. Lau mtu angelikuwa ameifunga nadharia hiyo na aya, mwaka 1928 angelimwambia nini mwanawe? Elimu ya wanadamu hurekebishwa, na huo ndio uzuri wake. Maneno ya Mwenyezi Mungu hayahitaji kupanda na kushuka pamoja nayo.

YAMFAA KIJANA WA KIJIJINI?

Hili ndilo swali la mwisho, nalo ndilo lililotushughulisha zaidi.

Imamu Ghazali, katika kitabu cha elimu kilichomo katika Ihyau Ulumid-Din, alizihesabu tiba na hesabu kuwa ni faradhi za kifaya: watu wa mji wakiwa hawana mwenye kuzijua, wote wamo katika dhambi; akiwepo wa kuwatosha, wote wameokoka. Sisi twauliza: leo katika nchi zetu ni nani awatoshaye watu katika elimu ya vitu vya ardhini mwao?

Ndani ya betri ya simu, upande mmoja ni kinywe, na katikati ya kurasa zake ndipo panapowekwa akiba ya umeme. Betri za magari ya umeme ni hivyo hivyo. Kinywe chetu hutoka ardhini kikiwa vumbi, na hurudi kwetu kikiwa ndani ya betri, kwa thamani nyingine kabisa. Kilichoongezwa katikati kwa sehemu kubwa ni elimu. Nchi yenye vumbi bila elimu itaendelea kuuza vumbi. Hata huyo mzee, akimweka mwanawe dukani, duka hilo litauza betri na simu na vibao vya umeme wa jua, vyote vimetengenezwa na watoto wa wengine waliosoma somo hili.

Wala asidhani mtu kuwa elimu hii ni ya matajiri peke yao. Fizikia ya nadharia ni nafuu kuliko elimu nyingi: yataka penseli, karatasi, kompyuta ya wastani, na subira. Mwaka 1964 Abdus Salam, mzaliwa wa Jhang katika nchi ambayo leo ni Pakistan, alianzisha huko Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, hasa kwa ajili ya wasomi wa nchi maskini. Mwenyewe alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Mwaka 2018 tawi la kazi hiyo lilifunguliwa Kigali, Rwanda. Tangu mwaka 2010 iko pia skuli ya Kiafrika ya kufundisha namna ya kukokotoa elektroni zilivyo katika vitu. Imefanyika Eldoret, Kenya, mwaka 2012, na Addis Ababa mwaka 2018. Arusha, si mbali na Manyara, iko Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoanza kufundisha mwaka 2011. Njia ipo, na imekwisha kupitwa na watu wa kwetu.

Basi kwa mzee wetu wa Hirbadaw twasema: hofu yako ni ya haki, lakini dawa yake si kumtoa mwana katika fizikia. Dawa yake ni kumtia zaidi katika dini, ili vyote viwili vikue pamoja. Mhimize sala kwa wakati wake, mtafutie wa kumsomesha wakati wa likizo, na umwulize amejifunza nini shuleni. Kijana aulizwaye na baba yake haendi mbali. Na ikiwa una binti mwenye akili ya hesabu, neno letu ni hilo hilo kwake, maana faradhi ya kifaya haikuwekewa wanaume tu.

Na kwa kijana twasema: usimshinde mzee wako kwa maneno, wala usimzuilie salamu kwa sababu ya hasira. Duka lake ndilo lililokulipia madaftari. Umsaidie dukani siku za mapumziko, na usiku umwonyeshe lile jaribio la penseli na taa, naye ashike waya kwa mkono wake. Kisha umwombe ruhusa kwa adabu, mara ya pili na ya tatu. Nasi twatumai kuwa mzee aliyeiona taa ikiwaka kwa penseli hatasema tena kuwa ni kubahatisha.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atukinge na elimu isiyonufaisha. Wabillahi taufiki.